Marubani Wawili, Chombo Kimoja

Kisiwa cha Mafia kimo katika Bahari ya Hindi, mkabala wa delta ya mto Rufiji, nacho ni wilaya mojawapo ya Mkoa wa Pwani. Kwa karne nyingi wenyeji wake wamekuwa wakivuka kwenda bara kwa mashua na majahazi, wakingojea upepo wa kaskazi au wa kusi. Siku hizi msafiri mwenye haraka hufika katika kiwanja cha ndege cha Kilindoni, hupanda ndege ndogo ya aina ya Cessna Caravan, na baada ya nusu saa hivi huwa ameshuka Dar es Salaam. Kiwanja hicho zamani hakikuwa na lami. Kiliwekewa lami katika mradi uliogharimiwa na Marekani kupitia shirika lake la Millennium Challenge Corporation, chini ya mkataba wa miaka ya 2008 hadi 2013.

Katika ndege ndogo kama hiyo, abiria aliyeketi mbele humwona rubani waziwazi. Kabla ndege haijaondoka, humwona ameshika kadi, akigusa swichi moja baada ya nyingine huku midomo yake ikitamka maneno kwa sauti ndogo. Abiria asiyejua aweza kuingiwa na shaka. Je, mtu huyu ambaye ameruka kutoka Kilindoni mara mamia, mbona bado anasoma kama mwanafunzi wa darasa la kwanza?

Jibu la swali hilo ndiyo habari ya makala haya. Wala si swali la mchezo. Mwezi Agosti mwaka 2019 ndege ya aina ya Caravan ilianguka hapo hapo Mafia wakati wa kuruka, ikateketea kwa moto. Kwa bahati njema watu wote waliokuwamo walinusurika. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege kubwa zaidi, aina ya ATR 42, ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili. Kila ajali ina sababu zake, nazo hutafutwa na wachunguzi waliosomea kazi hiyo. Lakini taratibu anazofuata rubani wa leo, karibu zote, zimezaliwa na ajali za jana.

Asili ya neno rubani

Yafaa kwanza kulitazama neno lenyewe. Rubani ni neno lililotoka katika Kiarabu, nalo lilitumika baharini kabla ya kuhamia angani. Rubani wa chombo alikuwa mtu ajuaye njia: miamba iko wapi, maji yana kina gani, na mlango wa bandari huingiwaje. Nahodha, neno lenye asili ya Kiajemi, alikuwa ndiye mkuu wa chombo. Basi hata katika majahazi ya kale kulikuwa na mgawanyo wa kazi, kwamba mmoja ana amri na mwingine ana maarifa ya njia, na chombo hakiwezi kufika salama iwapo wawili hao hawasikilizani.

Waswahili wana methali mbili juu ya jambo hili, nazo zaonekana kama kwamba zinapingana. Moja husema, "Jifya moja haliinjiki chungu," yaani kazi kubwa haiwezekani kwa mtu mmoja. Nyingine husema, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Chumba cha marubani kina watu wawili, na kila mmoja ana usukani mbele yake. Yawezekanaje kupata faida ya methali ya kwanza bila kupata hasara ya methali ya pili? Hilo ndilo tatizo linalotatuliwa na taratibu sanifu za uendeshaji, yaani maagizo yaliyoandikwa ambayo hueleza nani afanye nini, lini, kwa mpangilio upi na kwa maneno gani.

Kadi iliyotokana na ajali

Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa Wright Field karibu na mji wa Dayton, Marekani, ndege mpya ya kampuni ya Boeing iliyoitwa Model 299 ilijaribiwa mbele ya maofisa wa jeshi. Ilikuwa na injini 4 na ilikuwa ngumu kuliko ndege zilizotangulia. Iliruka, ikainua pua mno, ikapoteza nguvu ya kuelea hewani, ikaanguka. Watu wawili walikufa kwa ajili ya ajali hiyo, mmoja wao akiwa rubani mwenye uzoefu mkubwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndege haikuwa na kasoro yoyote ya kiufundi. Kifungo kinachozuia mabapa ya mkiani yasipigwepigwe na upepo ndege ikiwa chini hakikufunguliwa. Rubani alisahau.

Wahandisi na marubani waliofikiri juu ya mkasa huo hawakusema kwamba marubani wafunzwe zaidi, kwa maana aliyesahau alikuwa tayari ni miongoni mwa walio bora. Walitunga orodha fupi ya ukaguzi: mambo ya kuhakikisha kabla ya kuruka, wakati wa kuruka, kabla ya kutua na baada ya kutua. Ndege hiyo baadaye ilitengenezwa kwa maelfu kwa jina la B-17.

Hapo lipo somo la kisayansi juu ya akili ya binadamu. Kumbukumbu ya mtu haipungui kwa sababu ya ujinga tu. Hupungua pia kwa sababu ya mazoea. Jambo lililofanywa mara elfu hufanywa bila kufikiriwa, na likikatizwa katikati, kwa mfano na abiria anayeuliza juu ya mzigo wake, akili huamini kwamba limekwisha fanywa. Kwa hiyo rubani wa Kilindoni hasomi kadi kwa kuwa hajui. Husoma kwa kuwa anajua mno.

Kazi ya kila mmoja

Ndege za Caravan zaweza kuendeshwa na rubani mmoja, na vijana wengi wa Afrika Mashariki hupata uzoefu wao wa kwanza katika ndege za namna hiyo, wakiruka kati ya visiwa na mbuga. Lakini ndege za ATR, Dash 8 na nyinginezo kubwa zimeundwa kwa marubani wawili. Kijana aliyezoea kuamua peke yake hapana budi ajifunze upya. Tatizo lake si kuendesha ndege tena, bali ni kuendesha ndege pamoja na mwenzake.

Utaratibu hugawa kazi hivi. Katika kila safari mmoja huwa rubani aendeshaye na mwingine huwa rubani afuatiliaye. Aendeshaye huongoza mwelekeo, mwinuko na kasi ya ndege. Afuatiliaye huzungumza na mnara wa kuongozea ndege, husoma orodha za ukaguzi, huangalia vipimo, na hutamka kwa sauti kila jambo linapotoka katika kiwango kilichopangwa. Mgawanyo huo haufuati cheo. Rubani mkuu aweza kuwa afuatiliaye, na msaidizi wake akawa aendeshaye. Hata hivyo amri ya mwisho hubaki kwa mkuu. Usukani ukibadilishwa, mmoja hutamka kwamba ameushika na mwenzake hutamka kwamba ameuachia, ili isitokee hata sekunde moja ambayo wote wawili wanauvuta au wote wawili wameuacha.

Faida ya mpango huu yaweza kuonyeshwa kwa hesabu ya sekondari. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba rubani mmoja hukosea kugundua kosa fulani mara 1 katika kila mara 100. Tuseme pia kwamba mwenzake, akikagua kwa macho yake mwenyewe, naye hukosea mara 1 katika 100. Uwezekano wa wote wawili kukosea kwa pamoja ni 1/100 mara 1/100, yaani 1 katika 10,000. Usalama umeongezeka mara 100. Lakini hesabu hiyo ina sharti kubwa: kila mmoja akague kwa kujitegemea. Iwapo wa pili haangalii kipimo bali huitikia tu "sawa" kwa kuwa mkubwa wake amesema ni sawa, uwezekano hurudi kuwa 1 katika 100. Ndege itakuwa na watu wawili, lakini ukaguzi utakuwa ni wa mtu mmoja.

Maneno yaliyopimwa

Katika kazi hii hata maneno hupimwa. Rubani anapopewa mwinuko au mwelekeo na mnara, hana budi kuurudia, na mwongoza ndege husikiliza kama ulivyorudiwa ndivyo ulivyotolewa. Mzunguko wa maneno hufungwa pale tu aliyeagiza anaposikia agizo lake likimrudia.

Tarehe 27 Machi 1977, katika kiwanja cha Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana katika ukungu zikiwa bado ardhini. Watu 583 walikufa, idadi kubwa kuliko ya ajali nyingine yoyote ya ndege za abiria hadi leo. Rubani mkuu wa ndege moja, mtu mwenye sifa kubwa katika shirika lake, alianza kukimbiza ndege kabla hajapewa ruhusa ya kuruka. Fundi wa safari aliyekuwa nyuma yake aliuliza kama ile ndege nyingine imekwisha toka njiani. Alijibiwa kwa mkazo kwamba imetoka. Hakuuliza tena.

Baada ya hapo lugha ya redio ilirekebishwa, hata neno la Kiingereza lenye maana ya "kuruka" likahifadhiwa kwa wakati mmoja tu, yaani ruhusa ya kuruka inapotolewa au inapofutwa. Nje ya hapo hutumiwa neno la "kuondoka." Mwaka uliofuata, tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya DC-8 iliishiwa mafuta karibu na Portland, Marekani, huku rubani mkuu akishughulika na hitilafu ya magurudumu, watu 10 walikufa. Wenzake walikuwa wametaja habari ya mafuta, lakini kwa upole mno. Mwaka 1979 shirika la NASA liliitisha warsha juu ya mambo haya, na hapo ndipo yalipoanzia mafunzo ya ushirikiano wa marubani ambayo sasa hudaiwa na ICAO, yaani Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, kwa mashirika ya ndege duniani kote.

Usiku wa Douala

Afrika Mashariki nayo ina somo lake, lililonunuliwa kwa thamani kubwa. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways, Boeing 737-800, iliondoka Douala nchini Kamerun kuelekea Nairobi, ikiwa na watu 114. Rubani mkuu alikuwa na umri wa miaka 52, na msaidizi wake miaka 23. Kulikuwa na giza na dhoruba katika eneo hilo.

Ndege ilipokuwa ikipanda ilianza kulalia upande wa kulia, polepole sana. Rubani mkuu alitamka neno la kuonyesha kwamba mtambo wa kujiongoza umeshika kazi. Kwa hakika haukuwa umewashwa. Hakuna aliyetazama taa ya mtambo akathibitisha, wala msaidizi hakurudia tamko hilo. Kwa muda wa karibu dakika moja ndege yenye watu 114 haikuwa ikiongozwa na mtu wala mashine. Kengele ya kuonya juu ya mlalo ilipolia, rubani mkuu alishtuka, akavuta usukani huku na huku, na ndege ikazidi kulala. Ilianguka katika kinamasi cha mikoko, karibu kilomita 5 kutoka kiwanjani. Hakupona hata mmoja.

Yawezekanaje marubani wasihisi kwamba ndege inalala? Jibu limo katika sikio la ndani. Humo mna mifereji mitatu ya nusu duara, yenye ugiligili. Kichwa kinapozunguka, ugiligili hubaki nyuma kwa sababu ya inesha, hupinda vinyweleo vya neva, na ubongo hupata habari. Lakini mzunguko ukianza polepole mno, pungufu ya nyuzi 2 hivi kwa sekunde, ugiligili husogea pamoja na mfereji wenyewe na ubongo haupati habari yoyote. Mchana, macho husahihisha kosa hilo kwa kutazama upeo wa macho. Usiku, juu ya bahari au msitu usio na taa, hakuna upeo. Rubani huhisi amekaa wima kabisa, kumbe ameinama. Kimbilio lake ni vipimo tu, na mtu wa pili anayevitazama.

Ripoti ya wachunguzi wa Kamerun, iliyotolewa mwaka 2010, ilitaja upotevu wa hisia ya uelekeo, kutotazama vipimo, mkanganyiko juu ya mtambo wa kujiongoza, na ukosefu wa ushirikiano kati ya marubani. Ingetosha msaidizi atazame taa moja na kutamka kwamba mtambo haujawaka.

Heshima na usalama

Hapa ndipo penye ugumu kwa vijana wa jamii za Kiswahili. Kijana wa Mafia hulelewa kumwamkia mkubwa shikamoo, kutomkatiza asemapo, na kutomkosoa mbele ya watu. Malezi hayo ni mema. Lakini tofauti ya miaka 29 kati ya viti viwili, kama ilivyokuwa Douala, yaweza kuufunga mdomo wa mdogo wakati ule ule ambapo mdomo wake ndiyo kinga ya mwisho.

Mafunzo ya leo hayamtaki kijana aache heshima. Humpa ngazi ya kupanda hatua kwa hatua, ambayo mkubwa wake naye ameifundishwa na kuikubali. Kwanza huuliza: "Kapteni, mwinuko wetu ni sawa?" Asipojibiwa, hutaja ukweli wa kipimo: "Tuko chini kwa futi 300." Kisha hupendekeza tendo: "Tuinue ndege sasa." Na hatari ikiwa imekaribia, huchukua usukani na kutamka hivyo. Mashirika mengi yana kanuni kwamba rubani aendeshaye asipoitikia matamko mawili mfululizo, mwenzake achukue usukani bila kungoja, kwa kuwa huenda amezimia au amepotewa na hisia. Kwa njia hii anayesema hamvunjii mkubwa heshima. Utaratibu ndio unaosema kwa kinywa chake.

Mzigo mkubwa zaidi u juu ya rubani mkuu. Kabla ya safari hana budi kutangaza wazi kwamba anataka kusahihishwa, na akisahihishwa ashukuru. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya DC-10 nchini Marekani ilipoteza mitambo yote ya kuongozea mabapa yake. Rubani mkuu, Al Haynes, alikubali msaada wa kila aliyekuwamo, hata mwalimu wa marubani aliyekuwa akisafiri kama abiria, wakaiongoza ndege kwa nguvu za injini tu hadi Sioux City. Watu 112 walikufa, lakini 184 walipona katika hali ambayo haikutarajiwa apone mtu. Haynes mwenyewe alisema baadaye kwamba mafunzo ya ushirikiano ndiyo yaliyowaokoa.

Safari moja ya mazoezi

Hebu msomaji afikirie mwanafunzi rubani akitua Kilindoni pamoja na mwalimu wake wakati wa kusi. Wangali mbali, mwanafunzi hueleza mpango wake: upepo watoka wapi, watashuka kwa kasi gani, na wakishindwa watapanda kuelekea upande upi. Mwalimu huuliza panapokosekana. Ndege ikikaribia, mazungumzo yote yasiyohusu kazi hukoma, kwa kanuni iliyowekwa Marekani mwaka 1981 na kufuatwa leo katika nchi nyingi. Flapu huteremshwa, mmoja hutamka, wa pili hutazama kipimo kisha huitikia. Mashirika mengi hudai kwamba katika futi 500 juu ya ardhi, hali ya hewa ikiwa njema, ndege iwe imetulia katika kasi, mwelekeo na mteremko wake. Isipotulia, afuatiliaye hutamka hivyo, na aendeshaye huongeza nguvu na kupanda tena bila ubishi. Kurudi juu si aibu. Nahodha anayegeuza tanga nje ya mlango wa mwamba akangoja maji yajae hachekwi na wavuvi wa Jibondo.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili bila ndege. Aandike agizo lenye tarakimu 8, kisha alipitishe kwa sikio kupitia wanafunzi 6, bila mtu kurudia alichosikia. Halafu afanye vivyo hivyo kwa agizo jipya, lakini safari hii kila mpokeaji alirudie kwa aliyempa kabla ya kulipeleka mbele. Darasa lihesabu tarakimu zilizoharibika katika kila njia, lirudie jaribio mara 10, na lichore grafu. Kisha wanafunzi wajadili: je, yuko mtu aliyesikia kosa akanyamaza? Alinyamaza kwa nini?

Swali hilo la mwisho halina jibu katika kitabu cha fizikia, lakini maisha ya abiria hutegemea jibu lake. Kadi anayosoma rubani wa Kilindoni ni kipande kidogo cha karatasi. Nguvu yake hutokana na mtu wa pili aliye tayari kusema, na mtu wa kwanza aliye tayari kusikia.